Ulinganisho: zawadi ya baba mkwe mpenzi wa spidwei, nichukue cha Fundin, cha Rickardsson au tiketi tu?

Mkwe_Mswahili:
Habari za jioni wakuu. Naomba mnisaidie kulinganisha kabla mnada haujafungwa. Baba mkwe wangu ni Mswidi, ana sherehe mwezi ujao, na huyu mzee akili yake yote iko kwenye spidwei, zile mbio za pikipiki wanazunguka kiwanja cha vumbi huku pikipiki imelala upande. Mimi na mke wangu tumesema safari hii hatununui tena sweta. Nimepata vitu vitatu:

A. Kijitabu cha mechi cha fainali ya dunia ya 1961 iliyofanyika Malmö, muuzaji anasema kina saini ya Ove Fundin, bingwa wa dunia wa zamani.

B. Kizibao cha mbio chenye namba, kinasemekana ni cha Tony Rickardsson, naye bingwa wa dunia wa Sweden, kimeshawekwa kwenye fremu na kioo.

C. Tiketi za Grand Prix ya Målilla, raundi ya ubingwa wa dunia huko huko Sweden, tunaenda naye familia nzima.

Mnaojua huu mchezo tiririkeni, kipi kina uzito zaidi kwa mtu anayependa kweli?

Gia_Moja:
Mkuu umeuliza nusu swali. Mzee ana umri gani? Anashabikia timu gani? Bajeti yako ngapi? Na hizo saini zina cheti chochote au ni mdomo wa muuzaji? Bila hayo tutabaki kubishana hewani.

MzeeWaVumbi:
Swali la bajeti linaweza kusubiri, mimi najibu la uzito. Chukua A hata usifikirie mara mbili. Fainali ya 1961 ilikuwa ya kwanza kufanyika nje ya Wembley, kabla ya hapo kila bingwa wa dunia alikuwa lazima aende London. Halafu ilipokuja Sweden, jukwaa lote likawa la Waswidi watupu, Fundin wa kwanza, Björn Knutsson wa pili, Göte Nordin wa tatu. Mswidi yeyote wa umri fulani ukimpa hicho kijitabu atakaa nacho mapajani jioni nzima.

Na Fundin mwenyewe si mtu wa kutaja kwa haraka. Kazaliwa Tranås 1933, nywele nyekundu ndio maana wakamwita Mbweha, kachukua dunia 1956, 1960, 1961, 1963 na 1967. Lakini mimi sihesabu hata hayo mataji matano. Mimi naangalia kitu kimoja: kuanzia 1956 mpaka 1965, miaka 10 mfululizo, hakukosa kuwa ndani ya watatu bora wa dunia. Miaka 10! Kwenye mchezo ambao usiku mmoja plagi ikizingua mwaka wako wote umekwisha. Na ile ya 1967 kaichukua akiwa na miaka 34, watu walishamzika kimichezo.

Chuma_Kushoto:
Mzee wa vumbi nakuheshimu ila Rickardsson ana sita. Hesabu ni hesabu. 1994, 1998, 1999, 2001, 2002, 2005. Alimfikia Ivan Mauger wa New Zealand ambaye watu waliamini hafikiwi.

Na uzuri wa Rickardsson ni kwamba kashinda kwa mifumo yote miwili. Ile ya 1994 kule Vojens, Denmark ilikuwa fainali ya mwisho ya usiku mmoja, wakalingana pointi watatu, yeye, Hans Nielsen na Craig Boyce, ikabidi wakimbizane tena kuamua na akawapiga wote. Mwaka uliofuata wakaanzisha Grand Prix, unatembea nchi hadi nchi unakusanya pointi msimu mzima, huwezi kubahatisha. Huko akachukua mengine matano. Fundin wako yote matano ni ya usiku mmoja.

MzeeWaVumbi:
> Fundin wako yote matano ni ya usiku mmoja

Ndio, na usiku mmoja ni mgumu zaidi! Waendeshaji 16, mbio 20, kila mtu anakimbia mara tano tu, pointi za juu kabisa ni 15. Ukigusa utepe pale mwanzo unatolewa kwenye hiyo mbio, pointi tatu zimeruka, hakuna wiki ijayo ya kurekebisha. Kwenye Grand Prix ukiharibu Prague unajipanga upya. Usinidharaulie usiku mmoja.

Chuma_Kushoto:
Sijadharau, nasema ni vipimo viwili tofauti na Rickardsson kafaulu vyote. Halafu tuangalie na aliwafanyia nini watu. Mtoto wa Avesta, mji wa viwanda vya chuma, klabu yake ya nyumbani Masarna. 1999 wasikilizaji wa redio ya Sweden wakampigia kura akachukua Jerringpriset, ile tuzo ya mwanamichezo wao wa mwaka, na nchi yenyewe unajua imejaa watu wa kuteleza kwenye theluji na wacheza tenisi. Mtu wa pikipiki ya vumbi kuwashinda hao wote kwa kura za wananchi sio jambo dogo.

Na kama hujaona ile ya Cardiff 2005 tafuta video. Kasukumwa nje kwenye kona, gurudumu limepanda mpaka kwenye ukuta wa pembeni, mtu mwingine angeachia mpini, yeye kabana gesi akatembea juu ya ukuta akashuka anaendelea na mbio. Mpaka leo nikiiangalia mwili unasisimka. Nunua B.

kamanda254:
Wadau samahani nauliza kwa nia njema kabisa. Hawa watu wanazunguka raundi nne, kushoto tu, dakika moja imeisha. Sweden ikitoa madereva mimi namjua Björn Waldegård. Huyo alikuja kwetu Safari Rally akashinda 1977 na Escort, akarudi na Toyota Celica 1984, 1986 na tena 1990 akiwa na miaka 46. Matope, vumbi, ng'ombe barabarani, maelfu ya kilomita. Hiyo ndio kazi. Mzee mpe picha ya Waldegård.

Chuma_Kushoto:
Kamanda, hizo pikipiki hazina breki.

kamanda254:
Hazina aje?

Gia_Moja:
Hazina kabisa, si mbele si nyuma. Injini ya 500cc silinda moja, inakunywa methanoli, gia moja, na wanaanza wanne kwa pamoja wakilenga kona ile ile. Kupunguza mwendo unatumia gesi na kule kuteleza kwenyewe, gurudumu la nyuma linavunja kwenda nje wakati la mbele umeligeuzia upande wa pili. Mguu wa kushoto wamevaa kiatu chenye soli ya chuma ndio kinaburuzwa chini kwenye kona. Chukua bodaboda yako, ng'oa breki zote, halafu ingia keepleft ya Nyayo na wenzako watatu ubavuni ndio utaelewa kwa nini inatosha dakika moja.

kamanda254:
Sawa nimenyamaza kidogo. Lakini Waldegård bado.

Mkwe_Mswahili:
Nimerudi wakuu, nilikuwa kazini. Majibu: mzee anatimiza 70. Kwao ni Kumla, karibu na Örebro. Bajeti haizidi krona 4,000 kwa kitu kimoja. Cheti sijaona, muuzaji wa kizibao kasema fremu ndio uthibitisho maana imefungwa vizuri.

BintiPangani:
Kaka Mkwe hapo kwenye "fremu ndio uthibitisho" simama hapo hapo, tafadhali nisikilize.

Mume wangu ni mgonjwa wa huu mchezo, tunaishi huku miaka mingi. Nikataka kumfanyia sapraizi kama wewe, nikapata mtu mtandaoni anauza jezi ya mbio ya mwendeshaji mmoja maarufu, simtaji kwa sababu yeye hana kosa lolote, jezi ina saini, iko kwenye fremu, kioo, kibao kidogo cha shaba chini kimechongwa jina na mwaka. Picha zinavutia. Nikamwuliza muuzaji maswali akajibu vizuri, mpole, akaniambia aliipata kwa fundi wa timu. Nikalipa. Siku ya siku mume kafungua, kafurahi, machozi karibu yatoke. Akamwita rafiki yake mmoja mzee, Mswidi, aje aone. Yule mzee akasogea kwenye kioo, akaangalia, akavaa miwani, akaangalia tena, kimya. Mwishowe akasema kwa upole sana kwamba matangazo ya wadhamini yaliyo kifuani hayaendani na mwaka uliochongwa pale kwenye kibao, huyo mdhamini aliingia kwa yule mwendeshaji baadaye. Tukaifungua fremu. Kitambaa hakina hata doa la udongo, na jezi iliyokimbia spidwei hata uifue vipi ile rangi ya udongo inabaki kwenye mishono. Saini ukipitisha kidole ni laini kama imechapwa na mashine. Nikamwandikia muuzaji, akaunti imefungwa. Pesa haikurudi. Lakini pesa si kitu, ilikuwa ni sura ya mume wangu akijaribu kuniliwaza mimi mbele ya mgeni, hiyo sijaisahau.

Kwa hiyo: fremu inaficha, haithibitishi. Mwambie aitoe akupigie picha za mishono na ya upande wa ndani. Akikataa achana naye.

Chuma_Kushoto:
Pole sana dada. Hilo nakubaliana nalo, nami natetea Rickardsson, sio hicho kizibao hasa. Mkuu muulize anadai ni cha msimu gani na mashindano gani. Rickardsson kakimbia nchi tatu, Sweden, Uingereza na Poland, Ipswich wale wa 1998 waliochukua kila kitu alikuwemo, na Poland alikuwa Tarnów pamoja na Tomasz Gollob, nyota wao. Kila mahali mavazi tofauti. Na 2006 katikati ya msimu aliacha kabisa, kwa hiyo akikuambia ni cha 2007 ondoka.

MzeeWaVumbi:
Na saini ya kijitabu nayo ikaguliwe, haki ni haki. Angalia kama kalamu imezama kwenye karatasi. Vijitabu vya zamani pia watu walikuwa wanaandika matokeo kwa mkono katikati, mbio moja baada ya nyingine. Ukikuta hayo maandishi mimi naona yana thamani kuliko hata saini, mtu alikaa pale Malmö usiku ule na penseli.

Ullevi_na_Mimi:
Wote mmepita pembeni ya jambo. Mzee anatimiza 70. Fundin anachukua taji la mwisho yeye ni mtoto wa shule ya msingi. Rickardsson anachukua la kwanza yeye ana karibu miaka 40, ana mkopo wa nyumba. Sasa mwaka 1974 alikuwa na umri gani? Kumi na tisa, ishirini hivi. Na 1974 fainali ya dunia ilikuwa wapi? Göteborg, Ullevi. Na nani alishinda? ANDERS MICHANEK. Pointi 15 kati ya 15, kila alipotoka alishinda, Mauger wa pili kwa mbali.

Mtu bingwa wake wa moyoni ni yule wa wakati ana miaka ishirini, mnabisha? Muulizeni mzee yeyote wa Dar ni kikosi gani cha Simba au Yanga kilikuwa bora, atakutajia cha ujana wake. Michanek watu wanamsahau kwa sababu ana taji moja tu la mtu binafsi, lakini huyo alikuwa Reading wakati wanachukua ligi ya Uingereza 1973 na alikuwa hashikiki. Tafuta kitu cha Michanek.

Gia_Moja:
Hii hoja ina nguvu. Mkwe unajua kama mzee alikuwepo Ullevi?

Mkwe_Mswahili:
Duh sijui. Mama mkwe anaweza kujua, nitamwuliza kwa siri. Ila mzee huwa anamtaja mtu anaitwa Per, Per, mpaka nilidhani ni ndugu yao.

Ullevi_na_Mimi:
Per Jonsson???

Chuma_Kushoto:
Basi mada imebadilika.

Gia_Moja:
Kwa wasiomjua. Per Jonsson wa Getingarna, timu ya Stockholm, huko Uingereza alikuwa Reading. Bingwa wa dunia 1990 pale Bradford, alilingana pointi na Shawn Moran wa Marekani wakakimbizana wawili, Per akashinda. 1994, mwaka ule ule Rickardsson anachukua taji lake la kwanza, Per akaanguka kwenye mechi ya ligi ya Poland akapooza, tangu hapo yuko kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa na miaka 28. Timu yake ya Poland ilikuwa Toruń, na kule hawajamsahau, walipojenga uwanja mpya wa kisasa barabara ya pale uwanjani imepewa jina lake. Mpoland kumpa Mswidi barabara! Mimi nilipoenda Toruń kuangalia mechi nilisimama chini ya kile kibao cha barabara muda mrefu kabla sijaingia.

Ninapobishana na watu wa "nani ana mataji mengi" huwa namfikiria huyu. Angekuwa na mangapi?

MzeeWaVumbi:
Ukweli mtupu. Yule alikuwa na kipaji cha kutisha, hana papara, unamwona yuko nyuma halafu ghafla yuko mbele hujaelewa kapita wapi.

BintiPangani:
Na mimi niongeze wa kwangu maana hapa hajatajwa na nadhani kwetu sisi ana maana yake. Antonio Lindbäck. Mzaliwa wa Rio de Janeiro, akalelewa na wazazi wa Kiswidi, mtu mweusi mwenye rasta ndefu kwenye mchezo ambao ukiangalia jukwaani hukuti mwenye sura kama yako. Rickardsson ndiye aliyemshika mkono pale Avesta. Aliwahi kuacha kabisa akiwa bado kijana, akarudi, 2012 akashinda Grand Prix ya Italia, na 2016 akashinda nyingine. Mwanangu alikuwa ameketi mbele ya tivii, akageuka akaniuliza "mama huyu ni wa wapi?" nikamwambia ni wa hapa. Hana taji la dunia, najua, msinijibu na hesabu.

Chuma_Kushoto:
Hakuna wa kukujibu na hesabu dada, Lindbäck akiwa kwenye siku yake alikuwa anapita kwa nje pale ukutani ambapo wengine hata hawajaribu.

kamanda254:
Nimeangalia ile ya Cardiff. Nimeangalia tena. Okay nawapa heshima zenu. Na ile harufu watu wanayosema iko uwanjani ni ya nini?

MzeeWaVumbi:
Methanoli yenyewe haina harufu kubwa, ni yale mafuta ya injini ya mbarika yakiungua. Ukishaizoea ukiisikia popote unageuka.

Gia_Moja:
Turudi kwa C basi maana hakuna aliyeigusa. Mkuu, Målilla ni kijiji kidogo, watu wanakijua kwa klabu ya Dackarna na kwa ile temometa kubwa, 1947 walifikisha nyuzi 38. Siku ya Grand Prix kinajaa Wapoland na bendera zao, ni raha tupu. Lakini kutoka Kumla ni safari ya saa kadhaa kwa gari, mzee wa 70, na mvua ikinyesha sana mbio zinaahirishwa na mmeshafika. Kwa nini uende huko wakati Kumla wenyewe wana Indianerna, uwanja wao Sannahed uko hapo hapo? Ligi inachezwa Jumanne jioni, tiketi ni nafuu, wale wale mabingwa wa Grand Prix wanakuja kukimbia ligi ya Sweden katikati ya wiki kisha wanapanda ndege kwenda Poland. Na mzaliwa wa Örebro ni Fredrik Lindgren, aliyekuwa wa pili duniani 2023. Mtoto wa jirani.

Chuma_Kushoto:
Mtu wa Kumla maisha yake yote Sannahed ameshaenda labda kila Jumanne, hiyo si zawadi ni ratiba.

Gia_Moja:
Hajaenda na mkwe wake Mswahili anayejua Per Jonsson ni nani.

Ullevi_na_Mimi:
Mimi bado nasema Michanek. Kumtaja Per ni huruma na heshima, ila ujana ni 1974.

MzeeWaVumbi:
Na mimi bado A. Fundin jina lake ndilo liko kwenye kombe la dunia la timu, lile kombe lenyewe linaitwa Ove Fundin. Mnaongea kama ni mtu wa kawaida.

Chuma_Kushoto:
Na Bartosz Zmarzlik wa Poland naye ameshafika sita sasa, kwa hiyo wale mnaosema rekodi ya Rickardsson ilikuwa rahisi, angalieni imechukua muda gani mtu mwingine kuifikia.

Mkwe_Mswahili:
Wakuu nimepata taarifa mbili. Mama mkwe anasema Ullevi 1974 mzee alikuwepo, ila alikaa nyuma ya nguzo hakuona vizuri, na mpaka leo analalamika. Na Bradford 1990 alienda na meli na marafiki zake. Kijitabu cha Malmö nimeomba picha ya saini kwa karibu, muuzaji kanitumia, kalamu inaonekana imezama, na katikati kuna matokeo ya penseli kweli kama MzeeWaVumbi alivyosema. Wa kizibao kakataa kufungua fremu. Mnada wa kijitabu unafungwa kesho saa tatu usiku na bei imeshafika 2,600. Sijui nipande mpaka wapi au niache nitafute cha 1990.

BintiPangani:
Kizibao kifutwe kwenye orodha, alhamdulillah.

Ullevi_na_Mimi:
Nguzo! Basi mtafutie filamu ya Ullevi aone alichokosa.

MzeeWaVumbi:
Panda mpaka 3,500, usizidi hapo. Matokeo ya penseli, nilisema mimi.

Gia_Moja:
Cha Bradford 1990 hakitakuwa ghali, vilichapwa vingi. Ukiwa na subira utakipata chini ya hapo sana, na zinazobaki nunua tiketi za Sannahed.

kamanda254:
Kabla hamjafunga, kuna mtu anajua kama vijitabu vya Safari Rally ya 1977 vinapatikana huko Sweden? Waldegård alishinda hiyo na babangu alikuwa marshal njia ya Taita. Niko serious, mwenye mwanga ani-PM.